Nywele za kipilipili, jasho na baridi ya Nyanda za Juu

Swali ambalo dada zetu wanaojiunga na vikundi vya jogingi Mbeya na Iringa huuliza mapema kabisa halihusu viatu wala chakula. Linahusu kichwa. Umesuka Jumapili kwa hela yako nzuri, Jumanne umekimbia, Alhamisi umekimbia tena, na kufika Jumamosi kichwa kinawasha, kina harufu, na msusi wako anakuambia, "Dada, ukiendelea na hayo mazoezi nywele zitaisha." Hapo mtu huanza kupunguza siku za kukimbia. Baadaye anaacha kabisa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Mwaka 2011 Regina Benjamin, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alilisema hadharani: kuna wanawake wanaokwepa mazoezi ili wasiharibu nywele, na afya zao zinalipia. Muda mfupi baadaye madaktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, huko huko Marekani, waliwahoji wanawake 103 wenye asili ya Afrika, na karibu wanne kati ya kumi walisema kuna nyakati huacha mazoezi kwa ajili ya nywele. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kuzipoteza dakika hizo kwa kulinda rasta ni gharama kubwa mno, na nina hakika hakuna anayelazimika kuilipa.

Kinachowashinda wengi ni ushauri uliochanganyika. Huyu anakuambia osha kila ukitoka jasho. Yule anakuambia usiguse maji hata mwezi mzima, utazikausha. Mwingine anasema paka mafuta kwa wingi, na wa nne anasema mafuta ndiyo yanayoleta mba. Ikumbukwe pia kwamba wasichana wengi wa nchi hii hupita sekondari wakiwa na nywele zilizokatwa hadi karibu na ngozi. Mtu anamaliza kidato cha nne bila kuwahi kuosha nywele zake mwenyewe zikiwa ndefu, kisha anatarajiwa ajue kila kitu. Hajafundishwa. Anachokijua amekiokota saluni, na saluni kila mtu ana lake.

Ngozi ni kitu kimoja, unywele ni kingine

Washauri wale wote wana ukweli ndani ya maneno yao, ila kila mmoja anazungumzia sehemu tofauti ya kichwa bila kuitaja.

Ngozi ya kichwa iko hai. Inatoa jasho, inatoa mafuta yake yenyewe, inabadilisha seli zake, inaweza kuugua na inaweza kupona. Unywele, kuanzia pale unapochomoza nje ya ngozi, hauna uhai. Ni protini iitwayo keratini, na juu yake kuna magamba madogo sana yaliyolaliana kama vigae vya paa. Magamba hayo yakivunjika hayaoti tena. Hakuna mafuta wala dawa ya kuuponya unywele uliokatika. Kazi yetu ni kuulinda mpaka siku utakapokatwa.

Kwa mwenye nywele zilizonyooka, mafuta ya ngozi huteremka yenyewe hadi kwenye ncha. Kwenye nywele za kipilipili kila kikunjo ni kizuizi, kwa hiyo mafuta yanabaki karibu na mizizi. Matokeo yake mtu mmoja, kwa siku hiyo hiyo, anaweza kuwa na ngozi inayonata kwa mafuta na ncha zilizokauka hadi zinakatika. Ngozi yake inadai kuoshwa. Nywele zake zinadai zisikaushwe wala zisisuguliwe. Ukizitenganisha haki hizo mbili, ushauri uliokuwa ukikinzana unaanza kueleweka: kuosha ni habari ya ngozi, mafuta na kondishina ni habari ya unywele.

Jasho lenyewe ni maji karibu yote, pamoja na chumvi, urea kidogo na asidi ya laktiki. Likiwa bichi halinuki kitu. Harufu inakuja bakteria wa kwenye ngozi wanapolifanyia kazi pamoja na mafuta. Na jasho halikati nywele kama watu wanavyosema. Tatizo linaanza maji yanapokauka na chumvi kubaki, ikishikamana na ngozi na kuzifanya nywele ziwe ngumu mkononi. Juu ya hapo kuna kuvu aitwaye Malassezia, anayeishi kwenye kichwa cha karibu kila mtu mzima na kula mafuta ya ngozi. Kwa wengi hana madhara. Kwa wengine ngozi inamkataa, na hapo huja mwasho na mba.

Jambo moja zaidi kuhusu jasho, kwa wanaopenda kunyoosha. Joto la draya hupanga upya vifungo vidogo vya haidrojeni ndani ya unywele, na maji yoyote huvifungua. Ndiyo maana nywele ulizozinyoosha jana hujikunja kabla hujamaliza kilomita ya pili. Ukirudia joto hilo baada ya kila zoezi, unaziunguza mara tatu kwa wiki. Anayetaka nywele zilizonyooka kiasi na bado anakimbia, arudi kwenye kusuka kwa uzi. Bibi zetu walizivuta nywele kwa uzi bila moto wowote, na kwa mwanamichezo sijaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Huku juu mambo yana namna yake

Mapishi mengi ya nywele yanayozunguka mitandaoni yametoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa umevuka mita 1,500, na Njombe inakaribia 2,000. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna, hewa ni kavu na upepo unapiga. Waulize watu wa Makambako. Hali hiyo inafanya mambo mawili kwa nywele zako, na moja lao halionekani kwa macho.

Lisiloonekana ni hili: jasho linakauka haraka sana. Mtu anapandisha kilima kutoka Ipogolo hadi mjini Iringa, anafika juu paji la uso likiwa kavu, anaamini kwamba leo hakutoka jasho. Ametoka, tena jingi. Maji yamekwenda na upepo, chumvi yote imebaki kichwani. Anavaa kofia, anaingia kazini, na siku tatu baadaye anashangaa mwasho umetoka wapi. Mtu wa Pwani, ambaye jasho linamchuruzika hadi shingoni, anakumbuka kuosha. Wa huku anasahau kwa sababu hana kinachomkumbusha.

La pili ni ukavu wa unywele wenyewe. Unywele hunyonya na kuachia unyevu kulingana na hewa iliyouzunguka. Hapa chukua mfano wa glisirini, ambayo iko kwenye losheni na dawa nyingi za kupulizia. Kazi yake ni kuvuta unyevu. Ukiwa Kyela, kwenye mita 500 hivi karibu na Ziwa Nyasa, hewa ina unyevu wa kutosha na glisirini inafanya kazi vizuri. Panda gari hadi Uyole, jijini Mbeya, siku hiyo hiyo mwezi wa Julai, na ile chupa yako haina cha kuvuta hewani. Ukiipaka nyingi inaweza hata kuuvuta unyevu ulioko ndani ya unywele na kuuacha upotee. Huku, msimu wa kiangazi, itumie kidogo, juu ya nywele zenye majimaji, kisha funika kwa mafuta. Mvua zikianza Novemba unaweza kuiongeza.

Jua nalo usilidharau kwa sababu ya baridi. Mionzi yake mikali huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Zile ncha zinazogeuka rangi ya kahawia kwa wanaokimbia mchana ni kazi ya jua.

Kuosha: lini, na kwa nini si kwa sabuni ya mche

Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kinashauri nywele za watu weusi zioshwe mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Huo ni ushauri mzuri kwa mtu wa kawaida. Anayefanya mazoezi siku tatu kwa wiki aanzie kwenye mara moja kwa wiki, bila kuruka, na katikati ya wiki asuuze ngozi kwa maji matupu ya uvuguvugu ikiwa inamsumbua. Kinachoamua ni ngozi yako, kalenda inafuata. Kama kichwa huanza kuwasha siku ya nne, osha siku ya nne. Kama kinakaa kimya siku tisa, usijilazimishe.

Gawa nywele katika mafungu manne, ufunge kila fungu butu lake. Shampuu ipakwe kwenye ngozi, kwa ncha za vidole na si kwa kucha, na povu liachwe literemke lenyewe kwenye nywele. Povu hilo linatosha kuzisafisha. Kondishina ifanye kinyume: anzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha, iache ngozi. Chanua wakati huo huo kondishina ikiwa bado ndani, kwa vidole au kwa chanuo lenye meno mapana, ukianzia chini kupanda juu. Ukizichanua kavu baada ya wiki ya kukimbia utabaki na mafundo ya nywele mkononi.

Sasa sabuni ya mche. Najua ni rahisi, inapatikana kila duka, na inatoa povu zuri. Ngozi ya kichwa ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya karibu 5.5. Sabuni ya mche hufika 9 hadi 10. Kwa kiwango hicho magamba ya unywele yanainuka, nywele zinakwaruzana, zinashikana na kukatika. Anayeosha mara moja kwa mwezi huenda asilione hilo. Mwanamichezo anayeosha kila wiki ataliona kabla mwaka haujaisha. Kama hela ya matumizi ya mwezi hairuhusu chupa mbili, nunua shampuu ya kawaida na uichanganye na maji kwenye chupa tupu ili idumu. Hilo ni bora kuliko sabuni ya kufulia. Magadi ya unga nayo yaache, yana tatizo lile lile la pH. Ndimu mbichi ina tatizo la upande wa pili: ni kali mno kwa ngozi iliyokwisha kuwashwa na chumvi.

Mafuta, na parachichi zetu

Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo ya kulinganisha mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti na mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli. Yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele yalikuwa ya nazi peke yake. Sababu ni kwamba asidi ya lauriki iliyomo ndani yake ina umbo dogo na lililonyooka, inapenya hadi ndani ya unywele, wakati ya alizeti na ya madini yanabaki juu. Kwa anayeosha kila wiki taarifa hii ina thamani: paka mafuta ya nazi kwenye nywele usiku wa kuamkia kuosha, na maji hayatazidhuru sana. Alizeti yetu usiitupe. Kukaa kwake juu ya unywele ni faida unapotaka kuzuia unyevu usitoke, baada ya kuosha.

Parachichi linalimwa Rungwe na Njombe hadi linapakiwa kwenda nje, na kila msimu unamkuta mtu ameliponda na kulipaka kichwani. Nyama ya tunda haipenyi kwenye unywele, na kuitoa kwenye kipilipili ni kazi ya nusu siku. Mafuta yake yaliyokamuliwa ndiyo yenye faida: yanalainisha, yanapunguza msuguano, na hayana harufu nzito. Tunda kula. Ukitoka kukimbia utalihitaji.

Mafuta hayo yote yawekwe kwenye nywele. Mwenye mba akipaka ngozini, mba hutulia kwa saa chache kwa sababu magamba yamelowa na kulala, lakini Malassezia amepewa chakula. Kwa mba unaorudi kila mara, nenda duka la dawa ukaulize shampuu yenye ketokonazoli au zinki. Iache kichwani dakika tano hivi kabla ya kusuuza. Wengi wanaosema dawa hizo hazikuwasaidia walizisuuza papo hapo.

Msuko wa kukimbilia

Mtindo mzuri kwa mazoezi ni ule unaoacha ngozi ifikike. Twende kilioni ya nywele zako mwenyewe inatosha: mistari iko wazi, maji yanafika, inakauka upesi. Mabutu makubwa nayo ni mazuri, na unayafumua Jumamosi bila msaada wa mtu. Rasta zinawezekana, ila ziwe za ukubwa wa kati, zisiwe nzito, na zisivuke wiki sita hadi nane. Wigi na wiving za kushonea sizishauri kabisa kwa mtu anayekimbia mara tatu kwa wiki, maana huwezi kuiosha wala kuikausha ngozi usiyoifikia.

Kuliko aina ya msuko, angalia mkazo wake. Msuko ukikuvuta hadi nyusi zinapanda, ukikosa usingizi siku ya kwanza, ukiota vipele vidogo kwenye mizizi, basi umebana sana. Mwambie msusi alegeze ukingo wa uso. Wewe ndiye mwenye kichwa na ndiye unayelipa. Kisha mwanamichezo anaongeza mkazo wa pili bila kujua: anazikusanya rasta zote utosini, anazifunga kwa mpira, na zinampiga na kuvuta kwa kila hatua kwa saa nzima. Zifunge chini, karibu na shingo, kwa kitambaa laini, na usirudie mahali pale pale kila siku. Kunyonyoka kwa nywele za ukingoni kunakosababishwa na kuvutwa kunarudi vizuri ukikuwahi. Ukiendelea kwa miaka, mashimo ya nywele yanafungwa na kovu, na hapo nywele hazioti tena.

Nusu saa baada ya mazoezi

Kosa kubwa la huku kwetu linatokea hapa, na linasababishwa na baridi. Umemaliza, upepo unapiga, unachukua mzula wako wa sufu na kuuvuta hadi masikioni juu ya kichwa chenye jasho. Sasa kuna joto, kuna unyevu, kuna giza. Bakteria na kuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Sufu yenyewe inanyonya mafuta ya nywele na kuzikwaruza.

Siwezi kumwambia mtu wa Njombe atembee kichwa wazi mwezi wa Julai. Fanya hivi: bonyeza ngozi kwa kitambaa kikavu cha pamba, mstari kwa mstari, bila kusugua. Kaa ndani dakika kumi hadi kumi na tano kichwa kikauke. Ukiwa na nafasi, pitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwenye mistari ili kuondoa chumvi, kisha kausha tena. Baada ya hapo vaa mzula, lakini mpe fundi aushonee bitana ya satini ndani yake. Kipande kidogo kinatosha na fundi yeyote wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Mzula nao ufuliwe. Watu hufua soksi za mazoezi kila mara na kusahau kilichokaa kichwani asubuhi zote hizo.

Kuhusu hofu ya kuosha kichwa wakati wa baridi: mafua yanaletwa na virusi, na nimonia inaletwa na vimelea, kwa hiyo maji ya kichwani hayawezi kukuzalishia ugonjwa huo. Hata hivyo kichwa kilicholowa kwenye upepo wa jioni ni mateso ya kweli, na nywele zisizokauka hadi usiku huanza kunuka, hasa rasta na dredi. Kwa hiyo osha saa nne au tano asubuhi siku usiyotoka, jua likiwa limepanda. Kamua maji kwa fulana kuukuu ya pamba, maana taulo lina vinyuzi vinavyokwaruza. Rasta zikikaa saa mbili juani na bado mizizi ina unyevu, malizia kwa draya yenye joto dogo, ukiielekeza kwenye mistari. Hapo draya ina haki yake.

Wanaume wenye afro na dredi wafuate hayo hayo. Ngozi ya kichwa haina tofauti.

Pale saluni haitoshi

Mwasho unaoendelea wiki nne licha ya shampuu ya dawa, vipele vyenye usaha, maumivu kwenye mizizi, au sehemu ya duara iliyopoteza nywele, hayo ni ya kupeleka hospitali. Mapunye hasa hayaponi kwa krimu wala kwa mafuta yenye kitunguu saumu, kwa sababu fangasi wake ameingia ndani ya unywele na kwenye shimo lake, ambako dawa ya kupaka haifiki. Yanatibiwa kwa vidonge vilivyoandikwa na daktari, kwa wiki kadhaa, na dozi imalizwe hata kama duara limeanza kuota nywele. Huwapata watoto zaidi, kwa hiyo mama anayekimbia na kurudi nyumbani asichangie na wanawe chanuo, kofia wala kitambaa cha jasho. Saluni pia nenda na chanuo lako. Na kama huna, mwombe msusi alioshe la kwake kwa maji na sabuni mbele yako kabla hajakugusa.